Riziki ya Namba Tisa

Tarehe 1 Januari 2020, kwenye uwanja wa Turf Moor mjini Burnley, mshambuliaji wa Aston Villa aitwaye Wesley aligongana na beki wakigombea mpira, akabaki chini, na mwishowe akatolewa kwa machela. Goti lilikuwa limeharibika na msimu wake ukaishia pale. Mbrazili yule alikuwa amenunuliwa miezi michache tu nyuma kutoka Club Brugge ya Ubelgiji. Villa ilikuwa inapigana isishuke daraja, haikuwa na muda wa kumsubiri apone, ikarudi sokoni kule kule Ubelgiji. Tarehe 20 Januari ikamtangaza Mbwana Samatta wa Genk.

Huku kwetu siku ile haikuwa na habari nyingine. Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza! Watu ambao hawakuwahi kuijali Villa wakaanza kuvaa jezi ya damu ya mzee na bluu. Sikumsikia hata mmoja aliyeuliza habari za goti la Wesley, na sioni sababu ya kumlaumu mtu, maana ajira ya namba tisa ndivyo ilivyo. Timu ina mabeki wanne, viungo watatu, mawinga wawili; namba tisa siku hizi ni mmoja. Winga akikosa nafasi kulia atajaribiwa kushoto. Kiungo atarudishwa nyuma acheze beki. Namba tisa akikosa nafasi yake anakaa benchi, basi. Mlango wake hufunguka kwa sababu mbili: mwenye nafasi ameumia, au mwenye nafasi ameacha kufunga. Na akishaingia, anajua vizuri kwamba mahali fulani, Brazil au Denmark au Ivory Coast, kuna kijana ambaye wakala wake anafuatilia kwa makini habari za goti lake yeye.

Samatta alianza vyema. Februari 1, mechi yake ya kwanza ya ligi, alifunga kwa kichwa dhidi ya Bournemouth, ingawa Villa ililala 2-1. Machi 1 ikaja fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Manchester City walikuwa mbele kwa mabao mawili, dakika ya 41, Anwar El Ghazi akamimina krosi. Ukiitazama tena picha ile utaona Samatta amejirusha mzima mzima, mwili umelala hewani, kichwa kikaukuta mpira na ukampita Claudio Bravo. Krosi ya namna ile haimsubiri mtu. Anayeifunga ni yule aliyeanza mwendo kabla mguu wa mpigaji haujaugusa mpira, yaani aliyekwisha kujua winga wake hupenda kuupeleka wapi. Samatta na El Ghazi walikuwa wamecheza pamoja kwa muda usiotimia wiki sita.

Kisha korona ikafunga viwanja. Ligi iliporudi mwezi Juni, majukwaa yakiwa matupu, hakufunga tena. Villa ilinusurika siku ya mwisho ya msimu kwa sare ya 1-1 na West Ham, na Septemba ikamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford. Mwezi huo huo Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki. Mechi 14 za Ligi Kuu, bao moja.

"Kachemka." Vijiwe vilitoa hukumu, na redio zikaipokea. Tangu hapo kila klabu aliyokwenda imetajwa kama kituo cha basi linaloteremka mlima: Uturuki, kisha Antwerp, kisha Genk tena, kisha Ugiriki. Nina ugomvi na hesabu hiyo. Inachukua kazi ya miaka kumi na tano na kuipima kwa miezi sita ya mahali pamoja, kwa sababu tu mahali hapo ndipo king'amuzi chetu kinapoonesha. Mchezaji mwenyewe hawezi kuishi kwa hesabu hiyo. Kwake mpira ugenini ni ajira ya mkataba, na mtu wa mkataba hupimwa kwa jambo moja ambalo jedwali la mabao halilioneshi: kazi hii ikiisha, je, kuna atakayemwita kwenye nyingine?

Tuseme kidogo juu ya ugumu wa kuitwa huko, maana mtazamaji haoni ila dakika tisini.

Mshambuliaji anaweza kumaliza mechi nzima akiwa ameugusa mpira mara ishirini au thelathini tu. Kati ya hizo, mbili au tatu ndizo zenye bao ndani yake. Hizo mbili tatu hazitengenezi mwenyewe. Anapewa na wengine, na wengine humpa wanayemwamini. Kiungo aliyecheza miaka minne na straika fulani anajua pa kuupenyeza mpira hata bila kuinua kichwa. Huyo straika akiondoka na kuletwa mgeni, kiungo yule ataendelea kuupeleka pale pale, na mgeni ataonekana mzembe mbele ya umma kwa kutokuwepo mahali ambapo hakuna aliyemwambia awepo. Uwanja utapiga mluzi. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kocha aliyemwomba mgeni huyo ataanza kuulizwa maswali, naye atamweka benchi kujiokoa mwenyewe. Hapo ukame wa mabao unakuwa umeanza, na mwenye ukame hakuwa na muda hata wa kujua majina ya watoto wa nahodha.

Beki anayehamia nchi nyingine anaweza kujificha ndani ya mstari wa wenzake mpaka azoee. Kipa atadaka, kazi imekwisha. Straika peke yake ndiye analipwa kwa kitu kinachohesabika kidole kwa kidole. Halafu kuna yale ya nje ya uwanja: nyumba ya kupanga, shule ya watoto, baridi inayokaza misuli ya paja kuanzia Novemba, lugha ambayo utani wote wa chumba cha kubadilishia nguo unafanyika ndani yake na yeye anacheka akichelewa. Na kila akihama anaanza upya. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu kwa msimu mmoja na kuzichezea mbili, kwa hiyo kisheria kabisa mtu anaweza kuwa mgeni mara mbili ndani ya mwaka.

Samatta alipata bahati ambayo wengi hawaipati: ugenini wake wa kwanza ulikuwa na Kiswahili. Alitoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 Simba ilipokutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamwona, wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Lubumbashi, makao ya Mazembe, ni mji uliojengwa na shaba. Tangu Union Minière ianzishwe mwaka 1906, kampuni ilikusanya vibarua wa mikataba kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na watu hao wa lugha mbalimbali wakapatana kwa Kiswahili. Kimechanganyika na Kifaransa, kina matamshi yake, lakini kijana wa Mbagala hawezi kulala njaa sokoni kwa kukosa neno. Mwaka huo huo Mazembe ilimchukua Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu. Kwa hiyo kwenye uwanja wa Kamalondo, katikati ya Wazambia, Waghana na Waivory Coast, kulikuwa na vijana wawili wa Taifa Stars waliokuwa wakifundishwa kuwa wageni taratibu, katika lugha yao.

Alikaa miaka mitano. Hilo nalo tunalisahau tunapozungumza kana kwamba alizaliwa Genk. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2015 Mazembe iliifunga USM Alger ugenini na nyumbani katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Samatta alifunga katika mechi zote mbili na kumaliza mashindano akiwa kinara wa mabao pamoja na mwenzake wa El Merreikh ya Sudan, kila mmoja na mabao saba. Januari 2016, Abuja, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Wiki chache baadaye alikuwa Genk.

Genk nao ni mji wa mgodi. Chini yake kulikuwa na makaa ya mawe, na juu yake vitongoji vya Winterslag, Waterschei na Zwartberg vilivyojengwa kwa ajili ya wachimbaji. Ubelgiji ilisaini mkataba na Italia mwaka 1946 kupata wafanyakazi wa migodi, kisha mwaka 1964 na Uturuki na Morocco. Wakaja kwa mkataba, wakakaa, wakazaa. Migodi ya mwisho ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988, wakati ajira zinakwisha, timu mbili za wachimbaji, Winterslag na Waterschei, ziliungana zikawa klabu moja. Hiyo ndiyo Racing Genk. Sitaki kulitia chumvi jambo hili. Mshahara wa mwanasoka na wa mchimba makaa haikai kwenye mizani moja, wala hakuna paa la mgodi litakalomwangukia straika. Lakini mji ambao babu wa nusu ya majirani alifika na begi moja na karatasi ya ajira unajua namna ya kumpokea mtu wa mkataba. Si ajabu kwamba mshambuliaji wa Mbagala aling'aa pale.

Tena hakuwa wa kwanza kutoka upande wetu. Genk ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza wa Ubelgiji mwaka 1999, kwenye safu yake ya ushambuliaji alikuwemo Mkenya, Mike Okoth Origi. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye mfano safi zaidi wa mtu ninayemzungumzia. Alitoka Shabana ya Kisii. Akacheza Oostende, akacheza Harelbeke, akafika Genk, akaenda Molenbeek, akamalizia kwenye klabu ndogo za Limburg, mkoa wa Genk, wakati umri umekwenda. Ulaya yake ilikuwa ya enzi ambazo Nairobi ilipata matokeo ya ligi ya Ubelgiji kwa mstari mmoja gazetini, kama yalipatikana. Hakuna aliyeshangilia, hakuna aliyesema kachemka. Alikuwa anakwenda kazini. Mwaka 1995, akiwa Oostende, alipata mtoto wa kiume. Mtoto akakulia katika akademi ya Genk mpaka alipochukuliwa na Lille ya Ufaransa.

Novemba 5, 2019, Genk ilikwenda Anfield kucheza na Liverpool katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Samatta aliruka kwenye kona akafunga kwa kichwa, Liverpool ikashinda 2-1. Kwenye safu ya mbele ya Liverpool alianza Divock Origi, yule mtoto wa Oostende, aliyekuwa amefunga bao katika fainali ya mashindano hayo miezi mitano nyuma. Namba tisa wa Genk na mwana wa namba tisa wa zamani wa Genk, mmoja Mtanzania, mmoja Mbelgiji wa baba Mkenya, kwenye nyasi moja. Na hata huyo Divock, pamoja na medali yake, ukiangalia orodha yake utakuta Lille, Liverpool, Wolfsburg, Milan, Nottingham Forest. Bao la fainali halimpi straika kiti cha kudumu.

Ulimwengu yeye alipita njia nyingine. Alitoka Mazembe na medali ile ile ya 2015 aliyonayo Samatta, akasaini Eskilstuna ya Sweden, na majeraha yakamkuta mapema. Baada ya hapo ramani yake inataka mtu mwenye subira: Tuzla ya Bosnia, Omdurman kwa Al-Hilal, Algeria kwa JS Saoura, timu ya mji wa Béchar ambako jangwa linaanza. Kisha Mazembe wakamwita arudi. Simba na Yanga wangempata mtu mwenye wasifu huo kutoka nchi nyingine, wangempokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta. Kwa kuwa ni wa kwetu, anatajwa kama aliyepotea.

Na Simon Msuva. Kutoka Yanga alikwenda Difaâ El Jadida ya Morocco mwaka 2017, akaifungia vizuri, Wydad wakamchukua 2020. Huko alifika mahali pa kudai haki zake za mkataba, akaondoka, na shauri likafika FIFA, ambayo iliamua kwa upande wake. Kuna kanuni iliyoanza kutumika 2018: klabu ikimlimbikizia mchezaji mishahara ya miezi miwili bila sababu ya msingi, naye akaiandikia na kuipa siku 15 ilipe, isipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba. Kwenye karatasi ni kinga nzuri. Katika maisha, mtu anayesubiri shauri hachezi, na straika asiyecheza anasahauliwa haraka kuliko mwingine yeyote. Msuva alisubiri, akarudi kazini: Saudi Arabia, Kabylie ya Algeria, Saudi Arabia tena, Iraq. Januari 2024, huko San Pédro, ndiye aliyeifungia Taifa Stars dhidi ya Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtu ambaye kijiweni alikuwa ameshafutwa!

Nikisema riziki yao haiko mikononi mwao nina maana ya mambo kama yaliyompata Michael Olunga. Mwaka 2017 alitoka Djurgården ya Sweden akaenda Guizhou ya China, na mwaka huo huo China ikapunguza wageni wanaoruhusiwa kuwa uwanjani hadi watatu. Hakuna krosi inayoweza kukusaidia kushinda kanuni. Akapelekwa Girona ya Hispania kwa mkopo, na Januari 2018 akaifunga Las Palmas mabao matatu katika ushindi wa 6-0. Mkopo ukaisha, akahama tena, Japan, Kashiwa Reysol, timu iliyoshuka daraja msimu ule ule aliofika. Novemba 2019, siku ya mwisho ya ligi daraja la pili, Kashiwa iliifunga Kyoto 13-1. Mabao manane yalikuwa ya Olunga. Manane, mechi moja! Msimu uliofuata, ligi kuu, alifunga 28 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Halafu Januari 2021 akaenda Qatar, Al-Duhail, na Wakenya wengi wakasononeka. Kwa nini Qatar, wakauliza, na Ulaya ipo? Nilisoma masikitiko hayo kwa muda, na kila mara nilikuwa nikijiuliza kama mwandishi wake angemshauri mdogo wake hivyo. Mtu ana miaka 26. Miguu yake ina miaka minane au kumi ya kazi iliyobaki, kama goti litakubali. Amekwisha kuonja China iliyombadilikia, Hispania iliyomrudisha, na Japan iliyompa kila ilichokuwa nacho. Mbele yake kuna mkataba mnono wa miaka, klabu inayoshindania vikombe, na mji usio na theluji. Mwaka huo huo akawa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Asia. Tunachokiita tamaa ya fedha kwa mwanasoka, kwa daktari au mhandisi anayekwenda Ghuba tunakiita kutafuta maisha. Olunga, kwa taarifa tu, alisomea uhandisi chuoni Nairobi.

Kuna mechi moja inayojumlisha watu hawa wote. Juni 27, 2019, Cairo, Kombe la Mataifa, Kenya na Tanzania. Msuva wa El Jadida alifunga mapema. Olunga wa Kashiwa akasawazisha dakika ya 39, na kabla kelele hazijatulia Samatta wa Genk akairudisha Tanzania mbele. Kipindi cha pili Johanna Omolo, naye mfanyakazi wa Ubelgiji, akasawazisha tena, Olunga akamaliza. Tatu kwa mbili. Tanzania ilikuwa haijacheza fainali hizo tangu 1980, na mabao matano yote ya usiku ule, ya huku na ya kule, yalifungwa na watu ambao wiki chache baadaye walikuwa wanapanda ndege kurudi kwa waajiri wao.

Lakini tusijifanye kwamba siku zote sisi ndio tunaotoka. Dar es Salaam nayo ni ugenini wa watu. Meddie Kagere, Mnyarwanda mzaliwa wa Uganda, alipita Tunisia, akapita Tirana ya Albania, akaja Gor Mahia, na 2018 akasaini Simba. Alikuwa na wasifu ambao mtu wa kijiweni angeucheka: Albania? Msimu wa kwanza akafunga mabao 23, wa pili 22, kinara wa ligi mara mbili mfululizo. Fiston Mayele alitoka Vita Club ya Kinshasa akaja Yanga 2021, akatufundisha kutetema kila bao likiingia, na nchi nzima ikatetema, mpaka harusini na kwenye mahafali ya chekechea. Mwaka 2023 aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho, akafunga bao la nyumbani, kikombe kikaenda kwa USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Akaondoka kwenda Pyramids ya Misri. Juni 2025 akafunga katika fainali na kubeba Ligi ya Mabingwa.

Hao ni waliofanikiwa. Kwa kila Mayele mmoja kuna wengine kadhaa walioteremka pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere wakavishwa skafu, wakapigiwa matarumbeta, wakachezeshwa mechi nne, wakaitwa galasa, na dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa wakaachwa kimya kimya. Nimekaa jukwaani Uwanja wa Mkapa nikisikia straika wa kigeni akizomewa dakika ya ishirini ya mechi yake ya pili. Aliyekuwa akizomea karibu yangu alikuwa na jezi ya Samatta mgongoni. Ni haki ya mlipa kiingilio kuzomea, sawa. Ila mtu akidai Waingereza walimkosea Samatta subira, naye aangalie subira yake inakaa dakika ngapi.

Klabu zetu nazo zina la kujibu, na si kwa mashabiki tu. Mchezaji anapouzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ya mtaani iliyomfundisha mtoto kupiga kichwa ina fungu lake humo, ilimradi iwe na usajili na kumbukumbu za kuthibitisha. Ni klabu ngapi za mchangani zinazoweka kumbukumbu hizo? Mtu anahama mara tano, na kila anapohama kwa fedha, nyumbani kuna mlango ambao ungeweza kuingiza mipira na jezi. Hili halihitaji serikali wala mfadhili. Linahitaji katibu mwenye faili.

Nirudi kwa ajira. Fundi wa kujenga humpimi kwa nyumba moja iliyokwama kati. Unamuuliza waliomtumia zamani kama wangempa kazi tena. Msimu wa 2021 ulipoanza, Wesley, mwenye goti lililopona, alitolewa na Villa kwa mkopo kwenda Club Brugge, alikotoka. Mwezi mmoja hivi baadaye Samatta akatolewa na Fenerbahçe kwa mkopo kwenda Antwerp. Wale wawili ambao mmoja aliumia na mwingine akapata nafasi walikuwa wamerudi wote Ubelgiji, katika ligi moja, wakitafuta mabao. Wesley baadaye akaenda Internacional ya kwao Brazil, Levante, Stoke.

Samatta, 2022, aliitwa na Genk. Hakuna klabu ya Ulaya iliyomjua zaidi: ilimwona mazoezini kwa miaka minne, ikajua goti lake, hasira zake, krosi anazozipenda na mechi anazopotea. Alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa 2019, na mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Iliporudi kumchukua ilikuwa inachukua kitu inachokijua. Msimu huo Genk iliukosa ubingwa dakika za nyongeza za mechi ya mwisho, nyumbani kwake, kwa bao la Toby Alderweireld wa Antwerp, klabu aliyokuwa ameichezea Samatta msimu uliotangulia. Yakapita. PAOK ya Thessaloniki ikamsajili 2023, na 2024 ikawa bingwa wa Ugiriki.

Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 32, alisaini Le Havre, klabu ya ligi kuu ya Ufaransa. Ukihesabu na Tanzania, ni nchi ya saba kumwajiri.